Aliye Wazi Apewe Mpira

Nilipoanza kuwafundisha mpira wa kikapu wanafunzi wa sekondari hapa Bujumbura, Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 ulikuwa umeshasainiwa, lakini amri ya kutotoka nje usiku ilikuwa bado ipo. Mazoezi tuliyakatisha mapema ili wa Kamenge na wa Ngagara wote wawahi kufika kwao. Vita vya 1993 viliitenganisha mitaa hiyo, kwa hiyo kuwakalisha vijana wake benchi moja ilikuwa kazi tosha.

Kila msimu ulipoanza, niliwataka waandike azimio la timu. Enzi hizo hawakubishana: amani kwanza, umoja baadaye. Nami nikawauliza, "Mwenzenu wa Kinama akikwama kwa sababu barabara imefungwa, azimio linatutaka tufanye nini?" Walitazamana. Ndipo wakaongeza: hatupangi kikosi kabla ya kujua kila mmoja yuko wapi.

Niliwasimulia habari za mkimbiaji Vénuste Niyongabo. Mwaka 1996, Burundi iliposhiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza kule Atlanta, alimwachia Dieudonné Kwizera nafasi yake ya mita 1,500. Kwizera, aliyemzidi umri, alikuwa amezikosa Olimpiki za nyuma kwa kuwa nchi haikuwa na kamati ya Olimpiki. Niyongabo akakimbia mita 5,000, akaleta dhahabu. Kijana mmoja akasema, "Kocha, huyo hakuandika kitu. Alitoa." Ubaoni, kwenye azimio lao, wakafuta "tushirikiane", wakaandika: "Aliye wazi apewe mpira, hata kama mmegombana."

Amri ya usiku ilipoondolewa mwaka 2006, maazimio nayo yakabadilika. Waliofuata waliandika kuhusu kuwahi mazoezi, kufaulu mitihani, na wasichana kupata uwanja sawasawa na wavulana. Amani haikutajwa tena. Makocha wenzangu walinung'unika. Mimi niliona ni heri, kwani walikuwa wakiishi nayo.

Aprili 2015 maandamano yakaanza, risasi zikasikika katika mitaa ya Nyakabiga, Musaga na Cibitoke. Neno "amani" likarudi ubaoni bila mimi kulitaja, ila safari hii lilikuja na kazi yake: hakuna anayerudi nyumbani peke yake.

Tangu hapo sichagui tena maneno mazuri. Azimio ambalo mchezaji hawezi kulivunja wenzake wakamwona, nawaambia walifute, waandike jingine.