Diski Haisemi Ukweli

Seva ikianza kujivuta, lawama huanzia kwenye mtandao, kisha hunishukia mimi. Hakuna anayeuliza Linux inadhani imepewa diski ya aina gani.

Kuna kifaili kidogo, /sys/block/sda/queue/rotational. Ndani yake mna tarakimu moja: 1, diski inazunguka, 0, haizunguki. Swap huigawa nafasi kwa kuitazama tarakimu hiyo, Btrfs hupangia data kwayo, na kipanga foleni nacho huitegemea. Ikikosea, wote wanakosea pamoja.

Mteja mmoja aling'oa diski za kuzunguka akaweka SSD nyuma ya kadi ya RAID. Pesa imetoka, mhasibu anataka ripoti ifunguke papo hapo. Ikajikongoja vilevile. Nikafungua kifaili: 1. Kadi ilikuwa imezifunga SSD zote na kuzitambulisha kama diski moja inayozunguka.

Kipanga foleni kilikuwa CFQ, iliyotungwa kwa ajili ya kichwa kinachohama juu ya sahani. Ikimaliza kuhudumia programu moja, huingoja hadi milisekunde 8, huenda ikaleta ombi la jirani na kichwa kikaokoa safari. Kwa diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika, hiyo ni busara: mzunguko mmoja ni milisekunde 8.3. SSD hujibu ombi kwa sehemu ndogo tu ya milisekunde, kwa hiyo ilikaa kama daladala inayomngoja abiria mmoja huku kituo kimefurika. Nikaandika 0, nikaweka kipanga foleni cha deadline, ripoti ikafunguka. Umeme ukakatika, seva ikawaka na 1 yake. Ndipo nikaandika kanuni ya udev ya kuirudisha 0 kila inapowaka.

TRIM nayo, amri inayoiambia SSD ni data ipi imefutwa, haikupita kwenye kadi ile. Ukifuta faili, SSD haipati habari. Huendelea kuhamisha takataka ikidhani ni mali, na uandishi hupungua kasi taratibu.

Msidhani kerneli mpya imemaliza kazi. Kweli, blk-mq iliingia toleo la 3.13 mwaka 2014, ikavunja foleni moja yenye kufuli moja. Toleo la 5.0 mwaka 2019 likaizika CFQ. Lakini BFQ, kipanga foleni kingine, imerithi kungoja kulekule, na nakuta seva ambazo GRUB yake bado imeandikwa elevator=deadline, maneno ambayo kerneli ya leo haiyajali kabisa.

Diski zinazonichosha zaidi ni za SMR. Zinazunguka, zinasema 1, na ni kweli. Ila mistari yake imelaliana, hivyo kubadilisha kipande kidogo kunalazimu kuandika upya eneo zima, na nyingi hazikuambii kuwa ni SMR. RAID ikijijenga upya, diski huduwaa hadi ikahesabiwa kuwa imekufa na kutolewa. Ukiipima peke yake, haina kasoro. Mteja amenunua nyingine, ya aina ileile, kwa sababu ni ya bei nafuu.