Samaki Sita wa Pito

Wahenga walinena, samaki mkunje angali mbichi. Kwa miaka zaidi ya 20 niliyofundisha shule ya msingi, methali hiyo ilikuwa fimbo yangu ya pili. Nilipotaka kumrudi mtoto niliitamka kwanza, kisha nikatenda. Leo, ndugu msomaji, nataka nikusimulie jinsi samaki halisi walivyonikunja mimi mwenyewe, tena nikiwa nimeshakauka.

Mwaka 1996 mpwa wangu, mtoto wa dada yangu aliyeolewa Kasanga, aliletwa kwangu Pito ili aendelee na shule. Alikuwa na umri wa miaka 12. Mtoto wa ziwani akipandishwa Ufipa, jambo la kwanza analojifunza ni kutetemeka. Ziwa Tanganyika liko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari. Huku kwetu uwandani tuko karibu na mita 1,800, na upepo wa mwezi Juni haukuulizi kama una koti. Likizo ilipofika alikwenda kwao kusalimia, na aliporudi alikuwa amebeba ndoo yenye kifuniko kilichotobolewa matundu. Ndani mlikuwa na samaki sita, urefu wa kidole, weusi wenye wekundu ubavuni. Aliwanasa mwenyewe penye mawe ya ufukweni, akaipakata ndoo ile juu ya lori kwa safari ya zaidi ya kilomita 100.

Nilifurahi, sikufichi. Fundi wa madirisha alituungia tangi la kioo la kiasi cha lita 40, tukaliweka sebuleni. Tangu siku hiyo ushauri ukaanza kumiminika, na mwingi ulitoka kinywani mwangu.

Nilianza na usafi. Nilimwamuru aoshe tangi kwa sabuni ya unga, kisha tukalijaza maji yaliyochemshwa na kupozwa. Nilijiambia kwamba maji yanayomfaa binadamu hayawezi kumshinda samaki. Mara wale samaki wakapanda juu, wakawa wanatweta midomo wazi. Jirani mmoja akasema wanatusalimia. Mwingine akasema wana njaa, wapewe ugali. Tukawapa ugali, ukazama, ukachacha. Siku ya nne nikatoa amri nyingine: kila asubuhi maji yote yamwagwe, mawe yasuguliwe, yaletwe maji mapya ya kisima. Mpwa wangu akasema kwa adabu, "Mjomba, kule ziwani hakuna anayebadilisha maji."

Nikamjibu kwa methali yangu.

Samaki wa kwanza alikufa kesho yake, wa pili akafuata, kisha wa tatu. Ajabu ni kwamba maji yalikuwa maangavu kabisa, ungeweza kusoma gazeti ng'ambo ya tangi. Jirani akatania kwamba si bure mji wetu unaitwa Sumbawanga, maana watu husema jina hilo ni agizo la kutupa uchawi. Mwingine hakutania, alisema mtoto huyu ana mkono mbaya, kila anachofuga kitakufa. Mimi sikuamini uchawi wala mkono mbaya. Niliamini uzembe. Nilimchapa viboko vitatu, kiboko kimoja kwa kila samaki.

Baada ya wiki moja na siku mbili alibaki samaki mmoja tu. Huyo alikuwa amevimba chini ya mdomo, akajibanza pembeni, akawa hafungui kinywa hata kwa chakula. Nikasema ana uvimbe. Dawa? Chumvi. Mpwa wangu aliomba tumwache. Nilimimina chumvi kwa mkono wangu, vijiko vitatu vya kulia chakula. Asubuhi tulimkuta ameelea. Mtoto alimtoa, akamlaza kiganjani, akaufungua mdomo wake kwa ukucha. Ndani mlikuwa na vifaranga, wenye macho tayari, kila mmoja akiwa bado na kiini cha yai tumboni.

Hakulia. Alisema tu, "Alikuwa anawalea."

Miezi kadhaa baadaye alipita kijijini bwana samaki, akishughulikia mabwawa ya perege. Nilimkaribisha chai, nikamwonyesha lile tangi tupu, nikamsimulia habari yote nikitaraji aniambie ni ugonjwa gani. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mwalimu, nani aliyekushauri hivi?" Nikasema, ni mambo yanayojulikana.

Alinieleza taratibu. Maji yakichemshwa hewa yake hutoka, na samaki hupumua hewa iliyoyeyuka majini. Wale hawakuwa wakisalimia, walikuwa wakikosa pumzi. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na chakula kinachooza huiongeza. Amonia hiyo ni sumu, lakini haina rangi, na kwa kiasi kile kinachoua samaki pua haiisikii. Kwa hiyo maji maangavu yanaweza kuua. Kinachomwokoa samaki ni bakteria wanaoota juu ya mawe, mchanga na kuta za tangi, ambao huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo kali. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujaa katika tangi jipya. Mimi nilikuwa nikiwasugua kila asubuhi nikidhani ni uchafu. Maji hubadilishwa kwa sehemu, robo hivi kwa wiki, wala si yote kwa mara moja.

Tena, akasema, maji ya Ziwa Tanganyika yana alkali nyingi, kipimo chake cha pH kinakaribia 9, na joto lake la juu halitoki sana nje ya nyuzi 24 hadi 27 mwaka mzima. Kumtoa samaki humo na kumtia ghafla katika maji laini ya kisima chetu, usiku wa baridi ya Ufipa, ni sawa na kumhamisha dunia. Na wale wa mawe, ambao wataalamu huwaita Tropheus, hula mwani wanaouparuza miambani. Utumbo wao ni mrefu, wa mla majani. Ugali haukuwa wao. Na mama zao huatamia mayai mdomoni. Watu wengi wakiona kifaranga kikiingia kinywani mwa mama husema anakula watoto wake.

Aliponiaga nilikaa pale barazani mpaka jioni. Nilikuwa nimesomea ualimu. Darasani niliwafundisha watoto kwamba sayansi huanza kwa kutazama. Nyumbani mwangu mtu pekee aliyetazama alikuwa yule mtoto, na ndiye niliyemchapa.

Ndugu msomaji, katika mila zetu mtu mzima kumwomba radhi mtoto si jambo jepesi. Nilijaribu kulizunguka. Nilimnunulia kalamu, nikamsifia hesabu zake. Usiku mmoja, tukiota moto jikoni, nikalisema: "Samaki wale niliwaua mimi. Nawe nilikupiga bure. Nisamehe, baba." Alichochea moto kwa muda. Kisha akajibu, "Hata mimi sikujua, Mjomba. Ila mimi niliuliza."

Tulilijaza tena lile tangi, safari hii kwa mawe na maji ya kijito cha jirani, likakaa wiki sita na visamaki viwili tu. Bwana samaki alitushauri tufuge samaki waliozaliwa katika baridi hii hii, tuwaache wa ziwani ziwani. Visamaki vile havikuwa na rangi ya kumvutia mgeni, lakini viliishi miaka miwili na zaidi. Mpwa wangu aliandika katika daftari kila alichokiona, nami nilikatazwa kutoa amri kabla sijasoma daftari.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma habari za samaki wa mapambo, na nimegundua kwamba ujinga wangu haukuwa wa Pito peke yake. Samaki wa Ziwa Tanganyika, ambalo lina aina zaidi ya 200 za jamii ya perege, nyingi zikiwa hazipatikani popote pengine duniani, wamesafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya na Marekani kwa miongo mingi. Huko nako, kwenye umeme na vipimo, watu huambiana kwamba samaki hukua kulingana na ukubwa wa chombo, kumbe anayedumaa katika bakuli amedumazwa na uchafu na ufinyu. Huambiana kwamba samaki hana kumbukumbu, hali majaribio yameonyesha kuwa hukumbuka kwa wiki na hata miezi. Ushauri wa namna hii hudumu kwa sababu samaki hana sauti. Akifa, husemwa kuwa alikuwa dhaifu, au aliyemtunza ni mzembe. Mshauri hashtakiwi.

Ile methali sikuiacha; ni ya wazee, na ina ukweli wake. Lakini siku hizi, kila ninapotaka kuitamka mbele ya mtoto, huona kile kiganja na ule mdomo uliofunguliwa kwa ukucha, nami humwuliza kwanza mtoto ameona nini.