Lile Gari Nililosema Mungu Amenionyesha



Wengi mmeniuliza kuhusu lile Land Rover kuukuu linalosimama nje ya kanisa. Wengine mnataka kujua bei, wengine mnacheka tu. Leo nitajibu yote, pamoja na lile ambalo hamkuuliza.

Ni Series III, pikapu ya chesisi ndefu, ile inayoitwa 109 kwa sababu ya inchi zilizo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Namba ya hili ni ya zamani, isiyo na herufi mwishoni, kwa hivyo lilikuwa barabarani kabla ya zile za KAA kuanza. Injini ni ya petroli, lita 2.25. Kwa lita moja linanipeleka kama kilomita sita, na hapo barabara iwe nzuri. Usukani wake ni wa nguvu za mabega yako mwenyewe. Ukigeuza sokoni jasho linakutoka. Mafundi wana utani kwamba Land Rover ikiacha kuvuja oili, ujue oili imeisha.

Nililinunua kwa shilingi 280,000. Tulikuwa na 340,000 benki, mimi na mama mchungaji, akiba ya miaka minne. Pesa hizo zilikuwa za tangi la maji na kuezeka jikoni. Kiangazi kikija, anayebeba mitungi kutoka mtoni ni yeye, si mimi. Nilipomwambia nimeona gari linauzwa, alinyamaza akaendelea kuchambua mboga. Nikajua hoja zangu hazitoshi. Ndipo nikasema, "Mama Neema, Mungu amenionyesha kwamba gari hili ni la injili."

Mke wa mchungaji atajibu nini hapo? Akasema, "Sawa, Baba Neema."

Ni kweli tuna tawi kule juu milima ya Cherangani, kupita Kachibora, na mvua ikishika hata watu wa boda boda hukataa kupanda. Haja ilikuwako. Lakini sikuwa nimeonyeshwa chochote. Nilikuwa nimeona picha kwenye simu saa tano usiku, nikakosa usingizi.

Baba yangu alikuwa kibarua katika shamba kubwa huku Trans Nzoia. Meneja alikuwa na Land Rover kama hili. Likikwama matopeni, baba na wenzake waliitwa kusukuma, na likitoka linaondoka zake, wao wanabaki wamejaa matope hadi kwenye nyusi. Sikuwahi kumwona baba amekaa kiti cha mbele, hata siku moja. Nilikuwa na miaka tisa nikasema moyoni, nitalinunua lile. Hayo ni matamanio ya mtoto, na sioni dhambi ndani yake. Dhambi yangu ilikuwa kuyavalisha joho la nabii.

Katika chuo cha Biblia tulifundishwa amri ya tatu, ile ya kutaja bure jina la Bwana, kana kwamba inahusu walevi wanaoapa ovyo sokoni. Nimeihubiri hivyo miaka mingi. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuivunja akiwa jikoni kwake, kwa sauti ya upole, ili ashinde mjadala na mkewe.

Sasa sikilizeni, hasa nyinyi vijana mnaopenda magari haya. Bodi ya Land Rover ni ya alumini. Baada ya vita vya pili vya dunia chuma kilikuwa adimu Uingereza, kwa hivyo yalipoanza kutengenezwa 1948 walitumia alumini, na wakaendelea nayo. Bodi haili kutu kama ya chuma. Unaweza kuona gari la miaka arobaini linang'aa kama bibi harusi. Lakini chesisi iliyo chini ni ya chuma, na hiyo inaoza. Ukienda kununua, acha rangi. Lala chini na nyundo ndogo, gonga chesisi yote, hasa ile nguzo ya nyuma kabisa. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya mfu. Mimi sikulala chini, nilikuwa nimevaa suti. Aliyeniuzia alikuwa amepaka rangi nzito nyeusi huko chini, nami nikasifu usafi wake.

Wiki ya tatu fundi aliingiza bisibisi kwenye chesisi ikazama hadi kwenye mpini. "Pasta," akasema, "hapa umenunua rangi." Kukata na kuchomelea chuma kipya kungekula 95,000.

Washirika waliposikia, wakaanza kuchanga bila kuambiwa. Gari la injili limekwama, wakasema. Katika Jumapili mbili zikafika 46,500. Kuna mama anayeuza mahindi ya kuchoma aliyeleta mia tano za sarafu ndani ya kitambaa.

Usiku ule nilisoma habari za Sauli, jinsi alivyoachilia kondoo wazuri wa Waamaleki kisha akamwambia Samweli ni wa dhabihu. Samweli alikuwa akiwasikia wakilia. Mimi langu lilikuwa uani, limewekwa juu ya mawe.

Nilimwamsha mke wangu nikamwambia. Hakushangaa. Akaniuliza, "Mungu alikuambia, au wewe ndiye uliyemwambia?" Kisha akasema, "Mimi nimeshajua. Waambie walioleta pesa."

Nikawaambia, wapendwa, mlikuwako. Wengi mlichukua pesa zenu. Mzee mmoja wa kanisa hajanizoea tena mpaka leo, na simlaumu. Yule mama wa mahindi alikataa kupokea zake. Akasema nimbebee viazi vya dada yake kule juu, tutakuwa tumelipana.

Hivyo ndivyo kazi ya viazi ilivyoanza. Fundi alikubali kulipwa kidogo kidogo. Kule mlimani matope yakianza, unabonyeza kifundo cha manjano chini, magurudumu ya mbele nayo yanavuta. Mteremko ukiwa mkali zaidi, unasimama kabisa, ndipo unavuta kile chekundu nyuma, na gari linashuka polepole kama mzee mwenye fimbo, bila hata kugusa breki. Kwenye lami kavu usijaribu hayo, utavunja gia.

Baba alishalala katika Bwana, hakuliona. Nafikiri angecheka kwanza, kisha angeuliza petroli ni bei gani.

Deni la fundi limeisha mwezi uliopita. Sasa nauli za viazi zinakwenda kwenye tangi, lita 10,000, na zimefika 31,000. Jumanne hii, mvua ikiruhusu, tunashuka na magunia kumi na mawili ya kilo hamsini. Mwenye viazi huko njiani akitaka nafasi, ampigie Mama Neema. Yeye ndiye anayeshika pesa na kitabu.