Kuta Zinazokimbia Ndani ya Waya

Nilizisikia kuta za domeni miaka mingi kabla sijaziona. Tukiwa kidato cha sita, mwalimu wetu wa fizikia aliingiza waya wa chuma ndani ya koili, akaiunganisha koili na amplifaya na spika, kisha akasogeza sumaku polepole. Spika ikachachatika kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji. Heinrich Barkhausen, Mjerumani, ndiye aliyeigundua sauti hiyo mwaka 1919.

Mwalimu akatufafanulia. Ndani ya chuma mna maeneo madogo yaitwayo domeni, kila moja na mwelekeo wake wa usumaku, na mpaka kati ya domeni mbili ndio ukuta. Sumaku ikikaribia, domeni zinazoelekea upande wake hupanuka na kuta husogea. Hunasa kwenye dosari za chuma, kisha huchomoka ghafla, na michomoko hiyo ndiyo tuliyokuwa tukiisikia.

Nilipokwenda Ujerumani kwa masomo ya juu, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kusukuma ukuta kwa sumaku halikuwa jambo geni tena. Sixtus na Tonks wa General Electric, Marekani, walishapima kasi yake mwaka 1931 kwa kuupitisha kwenye koili mbili. Sasa kila mtu alitaka kuusukuma kwa umeme unaopita ndani ya waya wenyewe. Luc Berger alikuwa ameeleza zamani kwamba elektroni hubeba spini, yaani usumaku mdogo wa kila elektroni, na zikivuka ukuta huukabidhi spini hiyo na kuusukuma.

Tofauti kati ya njia hizi mbili ni kubwa. Sumaku huzipeleka kuta mbili jirani pande zinazopingana, hivyo domeni iliyo katikati hupanuka au hufutika. Umeme huzipeleka zote upande mmoja. Kwa sababu hiyo Stuart Parkin wa IBM alipendekeza waya uwe hifadhi ya data: domeni ziwe herufi, nazo zipitishwe mbele ya kisomeo bila waya kusogea.

Lakini tulihangaika. Waya za nikeli na chuma zilidai mkondo wa takribani ampea trilioni moja kwa kila mita ya mraba, na nyingi ziliungua. Mwaka 2004 watafiti wa Japani waliripoti kasi ya mita 3 hivi kwa sekunde, nasi tukaona ni hatua.

Mwaka 2011 zikaja habari kutoka Grenoble, Ufaransa: kobalti yenye unene wa nanomita 0.6 juu ya platini, na kuta zikienda mita 400 kwa sekunde. Kilichotushangaza zaidi ni kwamba zilifuata mwelekeo wa mkondo, kinyume na elektroni. Nadharia tuliyoizoea haikuweza kulieleza hilo. Kufikia 2013 jibu lilikuwa limepatikana: platini iliyo chini ndiyo inayorusha spini juu kwenye kobalti, na mpaka wa metali hizo mbili huzisokota kuta zote kwa namna moja. Miaka miwili baadaye, tabaka mbili za sumaku zenye mielekeo inayopingana ziliifikisha kasi kwenye mita 750.

Katika miaka hiyo ndipo nilipoziona kuta hizo kwa macho yangu kwenye hadubini ya Kerr, inayotumia mwanga kuonyesha mwelekeo wa usumaku. Domeni zilionekana kama mistari myeusi na myeupe iliyopangika kwenye waya mwembamba. Tukapitisha mpigo wa umeme wa nanosekunde chache, tukapiga picha nyingine: msururu mzima ulikuwa umesogea, na nafasi kati ya mistari ilikuwa ileile.

Hifadhi ya Parkin bado haijafika madukani. Hata hivyo, fani yetu imegeuka kabisa, kwa sababu ya metali isiyo sumaku ambayo wengi tuliichukulia kuwa kitako tu. Kijana unayeingia kwenye utafiti huu, usiitazame sumaku peke yake. Chunguza kwa makini kila tabaka inayoigusa.