Upepo Uliotoroka Usiku

Baba yangu ni dereva wa trela. Hupeleka saruji Meru, na akipata nafasi hulala nyumbani, hapa Runyenjes. Muhula uliopita trela hilo nusura limfukuzishe kazi.

Kila lilipolala kwetu, upepo wa breki ulipungua. Jioni mshale wa geji ulisimama kwenye 8. Alfajiri ulikuwa umeshuka karibu nusu. Ilibidi baba angurumishe injini hadi kompresa ijaze matangi tena, majirani wakituapiza kutoka vitandani. Breki za lori kubwa si kama za pikapu, ambazo hutumia mafuta. Hizi ni za upepo, nao ukiisha, springi hufunga magurudumu na gari halitoki.

Baba alilipeleka gereji mara mbili. Fundi alipaka maji ya sabuni kila kiungo, asione povu. Tajiri akaanza kunung'unika ati baba anabuni ubovu ili ale pesa za matengenezo. Siku hiyo baba hata chai hakumaliza. Mama akamwambia aachane nalo, mbona mchana halisumbui? Baba akajibu neno moja tu: "Nithi."

Sisi wa barabara hii ya Embu na Meru tunajua maana yake. Ni mteremko wa kona, na daraja liko chini. Julai 24, 2022 basi lilitumbukia pale na watu zaidi ya 30 wakafariki.

Ijumaa moja usiku nilichukua tochi na kikopo cha maji ya sabuni. Nilikuwa na swali la kitoto: mbona upepo hauishi gereji, unaishia kwetu tu? Basi nikakumbuka kwamba gereji ni uwanja mpana, trela husimama limenyooka. Ua wetu ni mwembamba. Baba hulazimika kupinda kichwa cha lori kuelekea kwenye migomba. Nikapanda nyuma ya kichwa, palipo na mipira ya kupeleka upepo kwenye trela. Ule mwekundu, ambao huwa na upepo wakati wote, ulikuwa umevutika kama kamba ya mbuzi. Nikaumwagia sabuni. Mahali ulipokuwa ukisuguana na chuma, povu likachemka polepole kama uji.

"Baba! Njoo uone!"

Alikuja na shuka kiunoni. Hakusema kitu. Aliwasha lori, akalinyoosha kidogo. Ufa ukajifunga, povu likatulia. Akalipinda tena, likaanza upya. Hapo ndipo magoti yaliponilegea, maana nilizikumbuka zile kona. Mpira ule ukikatika, breki za trela hujifunga zenyewe papo hapo, nawe uko mteremkoni na saruji yote mgongoni.

Mpira mpya ulinunuliwa kesho yake. Tajiri hakuomba radhi, lakini maneno ya wizi hatujayasikia tena. Siku hizi baba akirudi, hunitupia tochi kabla hata hajavua viatu.