Nyumba ya Plastiki na Baridi ya Usiku

Watu wengi katika nyanda zetu za Nyandarua hudhani kwamba mtu akiisha kujenga nyumba ya plastiki ya kukuzia nyanya, ambayo wenye vitabu huiita kivungulio, basi kazi imekwisha, na lililobaki ni kungojea mavuno. Katika kijiji chetu pekee nazihesabu nyumba tatu za namna hiyo zilizoachwa, plastiki yake imeraruka na upepo waipiga kama tanga lililokatika kamba. Wenyewe husema mbegu zilikuwa mbaya. Mimi naona kwamba nyumba zile zilikosa mtu wa kuzifungua na kuzifunga.

Mimi ni karani wa serikali, na kazi yangu ni mafaili, si majembe. Lakini baba yetu amekwisha kufariki, na dada yangu mdogo yuko katika shule ya bweni. Kwa hiyo nilikopa katika chama cha akiba na mikopo, nikajenga nyumba yenye urefu wa mita 15 na upana wa mita 8 katika shamba la mama. Mkopo huo hukatwa katika mshahara wangu kila mwezi, nyanya zizae au zisizae. Ndiyo sababu nimejifunza habari za joto na baridi kwa bidii kuliko nilivyojifunza hesabu kwa mapadre.

Yafaa kwanza tufahamu mahali tukaapo. Twakaa karibu na Ikweta, lakini twakaa juu, na sehemu za Kinangop zapita futi 8,000. Mchana jua ni kali. Usiku mbingu ikiwa wazi, joto la ardhi hupaa likapotea. Mnyanya nao hupenda mchana wa digrii 20 hadi 27, na usiku usiopungua sana digrii 15. Ndani ya plastiki iliyofungwa, jua la saa sita laweza kupandisha joto kupita digrii 35. Hapo chavua huharibika, maua hupukutika, na mche hubaki na majani mazuri pasipo tunda. Mpita njia huyasifu majani hayo, naye mwenye shamba hufurahi bure.

Usiku kuna hatari nyingine. Mvuke utokao katika majani na udongo hukosa njia ya kutokea, na plastiki inapopoa, hugeuka matone yanayodondoka juu ya majani. Majani yakilala maji hivyo, bakajani huenea upesi, na katika siku chache nyumba nzima huwa kama iliyochomwa moto.

Wenye mashamba makubwa ya mawaridi kule Naivasha walilijua jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shamba la Oserian lilitumia joto la chini ya ardhi, litokalo Olkaria, kupasha nyumba zake za maua. Mgeni atacheka akisikia kwamba watu wanapasha nyumba joto katika Afrika! Lakini shabaha haikuwa joto tu, bali pia kupunguza unyevu wa hewa kabla ya mapambazuko, ili ukungu usiote.

Sisi hatuna joto la Olkaria. Tuna mama.

Nilinunua kipimajoto, nikakitundika kwenye kimo cha maua, mahali pa kivuli, jua lisije likakidanganya. Mama alikitazama, akasema, “Baba, wewe nilikulea bila kusoma kioo.” Yeye alikuwa na huruma kwa mimea. Siku za baridi alitaka pande zote zifungwe kutwa, kama vile ndama afungiwavyo. Tulibishana majuma mawili, nami sikuwa na nguvu, maana nikiwa ofisini yeye ndiye serikali ya shamba lile. Mwisho tulipatana juu ya matone yenyewe. Asubuhi, mama akiisha kukamua, huingia na kutazama plastiki kwa ndani. Akiona matone, hukunja upande usioelekea upepo, kidogo kidogo, mpaka yakauke. Jua likizidi hukunja na upande wa pili. Saa kumi huteremsha pande zote ili joto la mchana libaki udongoni, lakini tundu la juu ya paa halifungwi kamwe. Kipimajoto nakisoma mimi siku ya Jumamosi.

Katika shamba la nje, mwalimu ni yeye. Usiku wa Januari na Februari usio na mawingu wala upepo, jalidi huanguka. Hewa baridi ni nzito, nayo hutiririka mteremkoni kama maji na kutuama bondeni. Mama hakusoma habari hizi popote, lakini viazi vyake hupanda juu ya mteremko, na huko chini hupanda kabeji, ambazo huvumilia zaidi. Ua wa chini, uliokuwa umeziba kabisa, aliukata nafasi pana, akauita mlango wa baridi. Bwana Shamba alipoliona pengo hilo alimsifu, akaongeza kwamba udongo wenye unyevu hutunza joto kuliko udongo mkavu, na kwamba matandazo ya majani makavu, yafaayo sana wakati wa kiangazi, usiku wa jalidi huzuia joto la ardhi lisiifikie mimea. Alitushauri pia tupande migrivilea upande utokako upepo, lakini isisongamane kama ukuta, maana upepo ukizuiwa kabisa hupanda juu na kuanguka kwa kishindo upande wa pili.

Ada ya muhula wa kwanza na wa pili imelipwa kwa nyanya. Ya muhula wa tatu ingali mashinani, na mwezi wa Julai, wenye mawingu na manyunyu, u mbele yetu. Mama ameniagiza nimletee kamba mpya za kukunjia plastiki, tena nzito kuliko zile za kwanza.