Mikono Miwili, Moyo na Taji

Wapendanao wasioachana huitwa chanda na pete. Wahenga nao walinena kwamba chanda chema huvikwa pete. Katika semi hizi mbili pete si pambo tupu. Ni neno lenye maana, humsifu mwema na kuwafunga wawili. Hata hivyo, ni nadra kupata pete inayonena waziwazi kama ile ya Claddagh, kijiji cha wavuvi kilichokuwa nje ya kuta za mji wa Galway, magharibi mwa Ayalandi.

Pete ya Claddagh ina sehemu tatu: mikono miwili iliyoushika moyo, na taji juu ya moyo huo. Mikono ni urafiki, moyo ni mapenzi, taji ni uaminifu. Kwa desturi iliyozoeleka leo, hata namna ya kuivaa husomeka. Anayeivaa mkono wa kulia, ncha ya moyo ikielekea nje, bado hana mwenzi. Akiigeuza ncha imwelekee yeye, moyo wake umekwisha kutekwa. Ikihamia mkono wa kushoto, ncha ikiwa nje ni uchumba, ikiwa ndani ni ndoa. Hivyo pete ya uchumba yaweza kugeuzwa tu siku ya arusi ikawa pete ya ndoa.

Asili yake imezungukwa na masimulizi. Yasemekana Richard Joyce, kijana wa Galway, alitekwa baharini na maharamia katika karne ya 17, akauzwa utumwani Algiers kwa sonara aliyemfunza kazi ya dhahabu. Mfalme William wa Tatu alipodai raia wake waachiliwe mnamo 1689, bwana wake alimwahidi nusu ya mali yake pamoja na binti yake ili asiondoke. Joyce alikataa, akarejea kwao. Utumwa huo ni wa kusimuliwa, lakini usonara wake si ngano: zipo pete za miaka ya karibu na 1700 zenye alama yake. Wala ubunifu wote haukuwa wake, kwani pete za mikono iliyoshikana zilivaliwa tangu zama za Warumi.

Hapa msomaji makini huingiwa na shaka. Madukani pete hii huuzwa kama urithi wa Wakelti wa kale, ilhali umri wake ni kama miaka 300 tu. Mafundo yasiyo na mwanzo wala mwisho, yanayochorwa kwenye pete nyingi za ndoa, hufuata mapambo ya watawa wa Kikristo, kama yale ya Kitabu cha Kells cha takriban mwaka 800. Kuyasoma kama taashira ya mapenzi ya milele ni kazi ya wasomaji wa baadaye. Nalo bizimu mashuhuri la Tara, la takriban mwaka 700, liliokotwa mnamo 1850 karibu na ufuo wa Bettystown, wala si Tara. Jina hilo, lenye kukumbusha makao ya wafalme wa kale, lilitoka kwa sonara aliyelinunua na kuuza nakala zake.

Je, wavaaji wamehadaiwa? Jibu limo katika historia chungu ya Galway yenyewe. Ugonjwa wa viazi ulipoleta Njaa Kuu, kati ya 1845 na 1852, watu wapatao milioni 1 walifariki na wengine zaidi ya milioni 1 wakahama nchi. Pete ambazo mama alimwachia binti ziliwekwa rehani ili kupata nauli au chakula. Inasimuliwa kuwa nyingi hazikukombolewa, zikaishia kuyeyushwa. Dhahabu yake haikupungua kitu, lakini mikono, moyo na taji vilitoweka. Zilizosalimika zilivuka bahari vidoleni mwa wahamaji, zikaendelea kusomwa ughaibuni.

Katika miaka ya 1930 nyumba za Claddagh zilizoezekwa kwa nyasi zilibomolewa, zikajengwa mpya. Kiayalandi, lugha iliyotawala kijijini humo, kilikuwa kimeanza kunyamaza. Kijiji cha kale hakipo tena, ila pete imebaki. Haikuokolewa na ukale wake wala usafi wa asili yake, bali na watu waliokataa kuivua, na kila kizazi kilichomfundisha anayefuata namna ya kuisoma. Lugha nayo haihifadhiwi kwa kusifiwa ukale wake. Isipokuwa vinywani mwa watu, huwa dhahabu iliyoyeyushwa: ina thamani, lakini haisemi neno.